Mtama Niliomlisha Bihogo

Mmeniuliza wote, na kila mmoja wenu amejijibu kabla sijafungua mdomo. Pale dukani Nshamba nimesikia kwamba niliburutwa na ng'ombe kilomita nzima, kwamba nilimlilia mwanamke wa Kisukuma, na kwamba melini nilimwomba nahodha anirudishe kwa mama yangu. La kuburutwa ni uongo. Hayo mawili mengine nayaandika mwenyewe, kwa sababu mkiendelea kuyasimulia ninyi yatatiwa chumvi, na chumvi iliyomo tayari inatosha.

Kwa asiyenijua: mimi ndiye Kaijage, mpima kahawa, mwenye sekondari ya miaka minne. Kabla ya safari hii, mbali kabisa nilikowahi kufika ni Bukoba mjini, na hata huko nilikuwa narudi siku hiyo hiyo kwa sababu sipendi vitanda vya watu.

Aliyenituma ni Tata, baba yangu. Zamani za mkoloni alikuwa kibarua kwenye kinu cha pamba Mwanza, akapata rafiki, Masanja, Msukuma wa upande wa Shinyanga. Wakafanya omukago kama tunavyofanya sisi: wakachanjana, wakapaka damu kwenye punje za kahawa, kila mmoja akatafuna ya mwenzake. Tangu siku hiyo ni ndugu kuliko ndugu. Mwaka wa Uhuru Masanja alimpa Tata mtamba, Tata akaenda kumchukua, akarudi na kamba tu. Mtamba, alisema, alitumbukia ziwani meli ilipoyumba. Sisi watoto tulikua na habari hiyo. Kila tulipoliona ziwa tulimfikiria yule ng'ombe huko chini, akitafuna magugu.

Mwaka huu wa kuhamia vijijini ikaja barua ya Masanja. Wanahamia kijiji kipya cha ujamaa, malisho ya huko hayatoshi ng'ombe wake wote, na deni la urafiki halijakwisha: njooni mchukue mtamba mwingine kabla hatujahama. Magoti ya Tata hayafiki hata Muleba. Ng'ombe wetu wa mwisho alikufa miaka miwili iliyopita, na kibanja bila samadi mnakijua. Mmekiona chetu, migomba imekonda, mikungu mnaicheka mkipita. Tata alinikalisha mbele ya Mama akasema, "Kaijage, huyu asipofika, usiniandikie barua. Uje uniambie kwa mdomo, nikikutazama."

Ndivyo nilivyoondoka. Vibali na tikiti navipita.

Nshamba mpaka Bukoba

Mama alinifungia ndizi zilizopikwa kwa maharage ndani ya jani la mgomba, kifungu kikubwa kama kichanga. Akanipa pia punje za kahawa za kutafuna, za kumpelekea Masanja, zimefungwa kwa maganda makavu ya mgomba.

Basi lilifika Muleba mapema likakaa hapo mpaka jua likawa juu, kwa sababu dereva alikuwa na shemeji yake hapo, na shemeji alikuwa na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Abiria tulisubiri kwa heshima. Nilipokwisha kusubiri kwa heshima nilianza kula, na tulipofika Bukoba kichanga chote kilikuwa kimeisha. Chakula cha siku tatu.

Miembeni nililala kwa Shangazi, Mlutheri imara, aliyeniombea kwa muda mrefu hadi nikaanza kuogopa. Mtu haombewi hivyo kama anakwenda mahali salama. Asubuhi akanitia mkobani senene wa kukaanga. "Ukikosa chakula cha Kikristo huko, tafuna hawa."

Majini

Ziwa lilichafuka. Nilishika nguzo, nikawakumbuka wote niliowakosea, na nikamwona mtu mwenye nguo nyeupe na kofia. Nikamwendea nikamwambia, "Nahodha, tafadhali, rudi. Mimi nitashuka Bukoba, ninyi mwendelee."

"Mimi ni mpishi," akasema. "Lakini nitamwambia."

Akaenda, akarudi na chai ya tangawizi. "Nahodha anasema tumeshafika nusu, kwa hiyo kurudi na kwenda ni sawa. Kunywa."

Hilo mlilisikia kweli, basi. Ila hamkusikia habari ya chai, nayo ilikuwa nzuri.

Reli, kisha miguu

Treni iliondoka Mwanza ikasimama porini saa nne nzima. Hakuna aliyetuambia sababu. Nje niliona nchi ambayo sikujua ipo Tanzania: udongo mweusi uliopasuka kama kisigino, miti yenye miiba mirefu kuliko majani, na hakuna mgomba. Nilitazama pande zote mbili za behewa. Hakuna hata mmoja. Nilijisikia kama mtu aliyeingia chumbani akakuta kuta hazipo.

Toka stesheni ya Shinyanga mpaka kwa Masanja ni mwendo wa siku mbili kwa miguu, na siku ya pili nilikuwa natembea kwa ukaidi tu. Nilipokelewa kwa ugali wa mtama, mlenda na maziwa ya mgando. Ugali ulikuwa mwekundu. Nilimega tonge, likanata kwenye mlenda, nikalivuta, likanivuta. Nyumba nzima ilinyamaza kwa adabu mpaka dada yake Masanja, mjane anayeitwa Mama Minza, aliposhindwa kujizuia.

"Huyu ni vilevile kama baba yake," akasema. "Anapigana na chakula."

Nilijitetea kwa kutoa senene. Wakawatazama, wakanitazama.

"Panzi," akasema Mama Minza. "Mnakula panzi, halafu mnatucheka kwa mlenda."

Lakini Masanja alipofungua zile kahawa za Mama, uso wake ulibadilika. Akatia punje moja mdomoni, akatafuna polepole, macho yamefumbwa. "Kali ile ile," akasema. "Nilimwambia baba yako siku ile: mmea huu umejiwekea uchungu asiule mtu, nanyi ndio mnaoutafuna kufunga urafiki."

Nilitandikiwa ngozi ya ng'ombe ya kulalia, kahawia, yenye baka jeupe begani. Alikuwepo mgeni mwingine, mzee mwenye haki kunishinda, akataka kuilalia. Mama Minza akamkatalia. "Hiyo ni ya huyu Mhaya," akasema, akaipangusa vumbi kwa khanga yake mwenyewe. Nikaona nimeheshimiwa mno.

Kwa Masanja

Mtamba alikuwa mwekundu wa kahawia, mpole, pembe fupi, macho ya mtu anayesikiliza. Pale pale nikamwita Bihogo, kama tunavyowaita wekundu kwetu. Nilikaa siku nne nikisubiri kwato zake zipone mchubuko, na kwa sababu siwezi kukaa bure nikajitolea kusaidia kuchunga mbuzi.

Hapo niliona jambo la ajabu. Mbuzi anafika kwenye mgunga mzuri, wenye majani, anakula matonge machache, halafu anauacha na kwenda mti mwingine, tena mti wa mbali, upande unakotoka upepo. Nikaona ni uvivu wa kula. Kwetu mnyama analetewa majani zizini, anamaliza, anashukuru. Nikakata tawi kubwa la mgunga, nikamfuata mbuzi mmoja nalo kama mhudumu wa hoteli. Alinusa, akageuka. Nikamfuata tena. Masanja alicheka hadi akakaa chini.

"Mwanangu, mwache. Mti ukiumwa unajua. Unatia ukakasi kwenye majani yaliyobaki, ule unaokausha ulimi. Mbuzi akila mengi, tumbo linafunga. Na miti iliyo jirani, kule upepo unakokwenda, inapata habari, nayo inatia ukakasi wake. Ndiyo maana anakwenda kule upepo unakotoka. Anatafuta mti ambao haujasikia."

Mimi mwenye sekondari nilicheka kidogo, ile ya heshima. Kisha nikatafuna jani moja. Ulimi wangu uligeuka kipande cha gunia mpaka jioni. Nikatafuna jani la mti jirani, upande wa upepo unakokwenda. Gunia la pili.

Basi nikajiambia: kumbe mnyama mwenyewe anajua. Kibaya anakiacha, kizuri anakula. Hiyo ndiyo elimu niliyoondoka nayo kwa Masanja, na ndiyo nusura iue ng'ombe.

Penye kisima

Masanja alitaka kunipa kijana wa kunisindikiza hadi stesheni. Mama Minza akasema, "Hapana. Safari hii naenda mwenyewe." Sikuuliza kwa nini safari hii.

Yeye alitembea mbele, Bihogo katikati, mimi nyuma nikipigwa na mkia. Siku nzima Mama Minza alinitania: miguu yangu, viatu vyangu, namna ninavyomwomba ng'ombe radhi kila ninapomvuta kamba. Nyasi njiani zilikuwa kama waya. Bihogo alitafuna vijiti vikavu na mabua bila kulalamika, nami moyo uliniuma. Kwetu bibi harusi akiondoka kwao analishwa njia nzima. Na huyu alikuwa bibi harusi wa kibanja chetu, anakula ufagio.

Siku ya pili, jua likiwa utosini, tulifika penye kisima ambapo wapita njia wote husimama. Kisima kilikuwa kimekauka. Mama Minza akasema kuna kingine bondeni, akachukua ndoo. "Kaa naye hapa kivulini. Asile kitu mpaka nirudi."

"Hata kidogo?"

"Umenisikia, Mhaya."

Akaondoka. Kushoto mwa njia, nyuma ya vichuguu, palikuwa na shamba la mtama ambalo wenyewe walishahamia kijiji kipya. Mabua yalivunwa zamani. Lakini mvua moja ya kudanganya ilikuwa imepita, na kwenye kila kisiki cha bua yalichipuka majani mapya, mororo, urefu wa kifundo cha mguu, kijani kibichi. Kijani, jamani! Kwa siku kumi sikuwa nimeona rangi hiyo ardhini. Kwetu kikavu ni takataka na kibichi ndicho chakula. Hilo hatufundishwi, tunazaliwa nalo. Bihogo aliyatazama. Akanitazama. Nikakumbuka elimu yangu: kibaya anakiacha mwenyewe.

Nikamfungua kamba.

Alikula kwa haraka, kwa furaha, na mimi nikasimama pembeni nimejishika kiuno kama mwenye mali. Muda wa kusali Baba Yetu tatu, labda nne. Nilikuwa natunga namna nitakavyomwambia Mama Minza kwamba hata Wahaya wanajua kulisha, ndipo Bihogo akaacha kula. Akaanza kupumua kama aliyekimbia. Miguu ya nyuma ikapishana. Povu likamtoka, akaenda hatua tatu kuelekea kwangu, akaanguka.

Nilisikia ndoo ikidondoka. Mama Minza alikuwa anakuja mbio, mwanamke wa umri ule, khanga imefungwa kiunoni, akipiga kelele, "Na huyu tena! Na huyu tena!"

"Mama, nimpe maji?"

"Usimpe kitu! Usimwinue! Shika kichwa, kiwe juu, asipaliwe na povu. Amekula kiasi gani?"

"Baba Yetu nne."

"Nini?"

"Kidogo, Mama. Naona kidogo."

"Dawa hatuna hapa. Akiwa amekula kidogo atainuka. Akiwa amekula kingi, hatainuka." Akakaa chini upande wa pili, akavua khanga ya begani akaitanda juu yetu iwe kivuli.

Nikashika kichwa. Kilikuwa kizito kuliko gunia la kahawa, na jicho moja lilikuwa linanitazama bila lawama, jambo ambalo ni baya kuliko lawama. Nilimwona Tata kwenye kiti chake, akinitazama nikimwambia kwa mdomo. Nikalia. Sikulia kiume, kwa kuuma meno. Nililia kwa sauti, na makamasi. Mama Minza hakunitania. Alinipa ncha ya khanga nipanguse.

Baadaye, kwa sauti ya chini, akanieleza, nadhani ili nisimalize machozi yote. "Mtama ukikosa mvua unakuwa na hasira. Ukichipua kwenye kiangazi, mdogo hivi, umejaa sumu, usiliwe na kila apitaye. Ukiuacha ufike kiunoni, hasira inaisha. Ukikatwa ukakauka kabisa, unalisha. Mihogo michungu vilevile, ndiyo maana tunailoweka."

"Lakini aliula mwenyewe! Mbuzi anaujua mgunga."

"Mgunga anaujua tangu kwa babu zake. Mtama si wa porini, mtama tumempa sisi. Kila mwaka tunamfungulia mabua yetu anakula, anashiba. Atajuaje kwamba mwaka huu tunamdanganya?"

Tukakaa. Kivuli cha kichuguu kilitoka upande mmoja kikaenda upande wa pili. Kupumua kukapungua mbio. Sikio likapiga nzi. Halafu Bihogo akakusanya miguu, moja moja, kama mzee anayetoka kanisani, akasimama, akajisaidia juu ya viatu vyangu.

"Amekusamehe," akasema Mama Minza.

Stesheni tulipoagana niliuliza atamwambia nini Masanja. Akasema, "Nitamwambia ulisafiri vizuri. Tumezoea kusema hivyo." Treni ikaondoka kabla sijaelewa.

Bukoba mpaka Nshamba

Kwenye gati la Bukoba bwana mifugo alimkagua Bihogo meno na kwato. Nikamsimulia kila kitu, kwa sababu nilikuwa namsimulia kila mtu. Hakucheka, ndiyo maana namheshimu. Akanieleza kwamba ndani ya jani la mtama vitu viwili vinakaa vyumba mbalimbali, na kila kimoja peke yake hakiui. Jino likivunja ukuta wa vyumba vinakutana, sumu inazaliwa pale pale, mdomoni na tumboni, na damu inashindwa kuupa mwili pumzi. Mmea ulio kwenye shida ya ukame unajaza vyumba hivyo zaidi. "Hauwezi kukimbia," akasema, "kwa hiyo unajifanya usiliwe."

Nikafikiri juu ya mtu ninayemfahamu ambaye naye hawezi kwenda popote, na ambaye ukimgusa anakuwa mkali. Lakini mimi sina hata sumu.

Tulitembea. Usiku wa kwanza tulipewa hifadhi Ijuganyondo na familia iliyokuwa imetandika nyasi mpya sebuleni kwa ajili ya Jumapili, zile za harufu nzuri. Bihogo akaingiza kichwa mlangoni, akanusa, akapiga chafya, akageuka.

"Kumbe ng'ombe wako anadharau nyumba yetu!" mama mwenye nyumba akalalamika.

"Hapana, waitu. Harufu hiyo nyasi zimejiwekea ili yeye asizile. Sisi tumekuja baadaye tukaipenda."

Akaniuliza, "Umesoma wapi?"

"Shinyanga," nikasema. "Penye kisima."

Nyumbani

Mlituona tukiingia, hamhitaji kusimuliwa. Mama alipiga vigelegele. Tata alitoka na fimbo yake, akamzunguka Bihogo mara mbili, akamgusa begani.

Kwetu anayerudi safari hupewa kahawa ya kutafuna kabla hajaulizwa, na akishatafuna hasemi uongo. Tata akanipa punje mbili mwenyewe. "Alisafirije?"

Melini nilikuwa nimeandaa jibu: alisafiri vizuri. Lilikuwa fupi na lingetosha. Lakini uchungu wa kahawa ulishafika kooni. Nikamweleza yote, mpaka Baba Yetu nne, mpaka makamasi. Mama alishika mdomo. Tata alikuwa anatazama ardhi.

"Hilo shamba," akasema mwishoni, "lilikuwa kushoto mwa njia? Nyuma ya vichuguu?"

"Ndiyo, Tata."

"Mtama ulifika hapa?" Akaonyesha kifundo cha mguu kwa fimbo.

"Hapo hapo. Umejuaje?"

Akatia punje ya kahawa mdomoni, akatafuna taratibu mpaka ikaisha. "Ziwani hakuna ng'ombe wangu," akasema.

Mama aligeuka akaingia jikoni. Nilisikia akicheka huko, au akilia. Kwa mama yangu huwezi kutofautisha kwa kusikia. Tata akaendelea, akitazama kwato za Bihogo. "Wa kwangu hakuinuka. Nilikaa naye mpaka akapoa, nikamwacha pale, nikakimbilia treni. Ningerudije kwa Masanja kumwambia zawadi yake nimeiua kwa kuipenda? Nikamwandikia habari ya ziwa."

Kesho yake akaniita na karatasi. Nikaandika alivyosema, bila kurekebisha: kwamba Bihogo amefika, kwamba wa kwanza hakuzama, na kwamba anaomba radhi kwa uongo aliomwambia ndugu wa omukago miaka yote hii. Tangu siku tulipoitia posta hakulala vizuri. Kutwa alikaa karibu na Bihogo akikagua maganda ya ndizi, ganda moja moja, kabla hajamruhusu ale.

Majibu yamefika juzi. Mwandiko ni wa mtu waliyemwomba, ila maneno ni ya Mama Minza, nilisikia sauti yake kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Nikamsomea Tata pale zizini:

"Kaka yetu, salaam. Sote wazima, kijiji kipya kina vumbi lile lile. Habari ya ng'ombe wa kwanza tulikuwa nayo tangu kesho yake, maana ni sisi tuliomkuta tukipita kwenda mjini, tukamchuna. Masanja alisema tusikuambie, utaona aibu kuja. Hukuja. Ngozi tuliitunza. Mwanao ameilalia siku nne, na anakoroma."